Mshika Tochi

Afisa wa uwanja wa ndege alipekua pasipoti yangu
kama mtu achambuaye mchele.
"Umekuja kutibiwa?"
"Nimekuja kutibu."
Akanitazama upya, mimi na sanduku langu
lililofungwa kamba ya katani,
akagonga muhuri bila neno.

Kisha saa tano za barabara, usiku,
ndani ya gari la Loretta Mullins, muuguzi mstaafu,
anayeongea huku akitafuna mbegu za alizeti,
nami nikiitikia hata nisichokisikia.
Kulipopambazuka Virginia ikawa milima,
ukungu umeketi mabondeni,
nikadhani wamenizungusha wee, wakanirudisha Tukuyu.
Ila hakuna migomba.
Ila makanisa ni mengi kuliko maduka.
Hiyo nayo ni Tukuyu.

Kliniki yenyewe ni uwanja wa maonyesho ya mifugo.
Viti vya meno thelathini vimepangwa
pale ambapo kila Agosti ng'ombe huvishwa utepe.
Mapazia ni mashuka, yamebanwa kwa vibanio vya nguo.
Harufu ya samadi ya mwaka jana
inagombana na klorini, na hakuna aliyeshinda.
Nje ya lango, saa kumi na moja alfajiri,
watu wamelala kwenye pikapu, wamejifunika makoti,
kila mmoja na kikaratasi chake cha nambari.

Hawa ndio Wamarekani?
Sikuuliza. Nilivaa glavu.

Daktari Prewitt, kijana mwenye haya,
alinieleza utaratibu akitazama viatu vyangu:
leseni yangu haivuki bahari.
Miaka kumi na miwili nang'oa magego wilayani Rungwe,
umeme ukikatika naendelea kwa kupapasa,
na leo nimekabidhiwa tochi.
"Uishike hivi," akasema.
Bibi alituambia mgeni njoo, mwenyeji apone.
Hakutuambia mgeni atapewa kazi gani.
Nikaishika. Nilinuna kidogo, sitaficha.

Mia mbili na kumi na saba: Delbert Stiltner,
mchimba makaa, kucha zake zina weusi
ambao sabuni ilishakata tamaa nao.
Meno yaliyobaki tisa. Mabovu mawili.
"Ng'oa yote," akasema,
"maana sijui mtarudi lini."

Tochi ikacheza mkononi.

Maneno hayo niliyasikia kwa Kinyakyusa
mwaka ule wageni walipokuja na mahema,
nina miaka tisa, nambari imeandikwa kwa wino kiganjani,
mama yuko mbele yangu kwenye foleni.
Alimwambia mkalimani hivyo hivyo.
Akarudi nyumbani na khanga mdomoni,
na tangu siku hiyo hakucheka mbele za watu.
Wageni hawakurudi.

"Daktari," nikasema kwa Kiingereza changu cha Mbeya,
"haya saba ni mazima. Muulize tena.
Kuuliza hakuhitaji leseni."
Akawa mwekundu mpaka masikioni. Akauliza.
Mzee akafumba macho muda mrefu,
nje jenereta likakohoa, likaendelea.
"Manne," akasema.
Akapewa sababu. "Matatu, basi."
Tukapatana kama watu wa sokoni.
Mkono wake ukapapasa pembeni, ukitafuta pa kushika,
ukaukuta wangu wa kushoto.
Wa kulia ulikuwa na tochi.

Tulipomaliza, mdomo umejaa pamba,
akasema jambo refu.
Loretta akainama: "Anasemaje?"

Siku mbili nimekuwa kiziwi katika nchi hii,
wanameza maneno yao kama vidonge.
Lakini mwenye pamba mdomoni,
awe wa Rungwe, awe wa hapa,
husema lugha moja, na hiyo naijua fika.

"Anasema asante," nikajibu,
"na kwamba nimemkanyaga tangu jino la kwanza."

Nikasogeza mguu.
Mia mbili na kumi na nane.